Mugumo Ndani ya Kabati

Nairobi iko digrii moja na ushei kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima, tofauti ni dakika chache tu, na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi hasa. Kwa hesabu hiyo mkazi wa jiji hili hana haki ya kulalamikia mwanga. Lakini njoo Pipeline, Embakasi, ghorofa ya pili, chumba cha katikati ya ujia, saa saba mchana. Itabidi niwashe taa ndipo uone kiti.

Ploti zetu zimepanda ghorofa saba, nane, na zimesogeleana kiasi kwamba dirisha langu linatazama dirisha la watu. Chumvi ikiniishia usiku sivai viatu. Nagonga kioo na kunyoosha mkono. Mwanga unaonifikia umeshagonga kuta mara kadhaa ukishuka, umepenya nguo zilizoanikwa na orofa zote za juu, na ukiingia chumbani umebaki jina tu. Wa juu wanalo jua, ila pampu ikigoma ndio wanaopandisha mitungi ya maji kwa ngazi. Kila mpangaji amechagua shida yake.

Humu ndimo ninamolelea mti. Ni mugumo, mti wa jamii ya mikuyu, kimo chake sentimita thelathini hivi, shina lake pale chini limefika sentimita tano. Unaishi ndani ya kabati la mbao, na jua lake lote hutoka kwenye balbu nne za kawaida za LED nilizonunua Luthuli Avenue. Nimeulizwa mara nyingi inawezekanaje, na mara nyingi zaidi nimeulizwa kwa nini. Hili la kwanza nitalijibu kwa urefu. La pili mtu ataliona mwenyewe au hataliona.

Wanaojua bonsai, ufundi wa kulea miti midogo kwenye vyungu, wana kanuni moja wanayoirudia kuliko zote: bonsai ni mti wa nje. Hawajakosea. Mti kwenye chungu bado ni mti, na misonobari na mireteni ya Japani hudai baridi ya kweli ili ilale miezi michache, la sivyo huchoka na kufa. Kijiji cha bonsai cha Omiya, mkoani Saitama, kilianzishwa mwaka 1925 na watunza miti waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la 1923, na walichokifuata huko kilikuwa nafasi, maji safi na hewa safi. Hawakufuata vyumba. Ule msonobari mweupe wa familia ya Yamaki, uliokuwa umetunzwa tangu 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945 na kupelekwa Washington kama zawadi mwaka 1976, umeishi maisha yake nje. Ukiuingiza sebuleni kwa miaka miwili utafanya kile ambacho bomu lilishindwa kufanya.

Kanuni hiyo, hata hivyo, ilizaliwa katika nchi zenye majira manne. Mti wa tropiki haujui kulala kwa baridi. Haudai theluji; unadai joto, unyevu na mwanga, na kati ya hivyo vitatu nyumba huwa inakosa mwanga kwanza. Ndiyo maana watu waliolifanyia kazi jambo hili kwa bidii zaidi walitoka sehemu ambazo hazina jua nusu ya mwaka. Michigan, Marekani, Jack Wikle alilea miti midogo kwa miaka mingi chini ya taa za tyubu, saa 16 kwa siku, vilele vikiwa karibu kugusa taa. Whitefish, Montana, karibu na mpaka wa Kanada, Jerry Meislik alijulikana kwa miti mikubwa ya jamii ya mikuyu iliyostawi ndani ya nyumba huku nje barafu imetanda. Kama mkuyu unaweza kuishi Montana, Embakasi ni nini?

Adui wa kwanza wa mti wa ndani ni jicho la mwenye mti. Jicho hujirekebisha. Ukiingia chumbani mboni hutanuka, na baada ya dakika mbili utaapa kwamba pana mwanga wa kutosha, mbona unasoma gazeti. Kifaa hakina huruma hiyo. Jua la adhuhuri lisilo na wingu hutoa laksi, kipimo cha mwanga, kama 100,000. Siku ya mawingu mazito, zile za Julai zetu, bado unapata laksi elfu kumi na kitu. Chumbani kwangu, taa ya darini ikiwa imewaka, ni laksi mia na ushei. Yaani tofauti ya nje na ndani ni karibu mara elfu moja, na jicho linakuambia ni kama mara mbili. Kwa hiyo watu hununua mti barabara ya Ngong, kwenye vile vitalu vilivyopangana kando ya lami, wanauweka juu ya runinga, majani yanaanza kudondoka, wanaongeza maji, mizizi inaoza, wanasema hawana mkono wa mimea. Mkono wanao. Mti umekufa njaa, na wao walikuwa wanaunywesha.

Mwanga ndio chakula, na chakula hupimwa kwa siku nzima. Balbu zangu nne ni za wati 12 kila moja, jumla wati 48. Sakafu ya kabati ni nusu mita kwa nusu mita. Nikiweka simu palipo majani ya kilele, programu ya kupima mwanga husoma laksi 12,000 hivi. Simu si kifaa cha maabara, lakini inatosha kukutofautishia njaa na shibe. Kwa taa nyeupe za LED, gawanya laksi kwa 70 upate, kwa kukadiria, mikromoli za mwanga unaoangukia mita moja mraba kila sekunde: 170 na kidogo. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, kisha kwa saa 16 ambazo taa huwaka. Jibu linakaribia mikromoli milioni kumi, yaani moli 10, kwa siku. Mti ulioko wazi siku ya jua kali hapa Nairobi hupata kama mara nne ya hapo, lakini jamii ya mikuyu huridhika na moli 10, na chungu kidogo hakina haja ya zaidi.

Upande wa mfuko, wati 48 kwa saa 16 ni uniti 0.77 kwa siku, uniti 23 kwa mwezi. Kwa bei ninayopata tokeni hiyo ni karibu shilingi 600. Mwenye ploti amepiga marufuku koili za kupikia na hita za maji, na ana sababu zake, waya zenyewe nimeziona. Kabati langu halijawahi kumsumbua. Pasi ya jirani, kwa dakika ishirini inazotumika asubuhi, huvuta umeme unaokaribia nusu ya unaotosha mti wangu siku nzima.

Nitapita haraka juu ya zile taa za zambarau zinazouzwa mitandaoni kuwa ndizo taa za mimea. Ni kweli kijani cha majani hupenda nyekundu na bluu zaidi, lakini mwanga wa kijani nao hutumika, hasa unapopenya ndani ya jani, na taa nyeupe nzuri ina rangi zote hizo. Zaidi ya yote, chini ya taa ya zambarau huwezi kuona jani linaloanza kugeuka manjano wala mdudu. Na unalala humo humo. Mtu gani anataka kulala kwenye klabu?

Wazo la kuufungia mmea ndani ya sanduku ili uishi mjini ni la zamani kuliko umeme. Daktari mmoja wa London Mashariki, Nathaniel Bagshaw Ward, alitaka kuotesha kangaga nyumbani kwake Wellclose Square akashindwa, kwa kuwa moshi wa makaa ya mawe uliziua zote. Mwaka 1829 alizika pupa wa nondo kwenye udongo mnyevu ndani ya chupa iliyofungwa, akingoja nondo. Kilichomvutia kikawa kingine: kangaga na nyasi vilichipua humo, maji yakipanda kama mvuke mchana, yakigonga kioo na kurudi udongoni, na moshi ukibaki nje. Mwaka 1833 alipakia masanduku ya vioo melini kuelekea Sydney, safari ya miezi kadhaa, mimea ikafika hai. Miaka kama kumi na mitano baadaye Robert Fortune alitumia masanduku ya aina hiyo kuhamisha miche ya chai kutoka China hadi India, na historia ya kikombe chako cha asubuhi ikageuka. Namkumbuka Ward kwa sababu naye alikuwa mpangaji wa mji uliojaa kupita kiasi. Ila yeye alilindwa na kioo na jua akapewa bure. Katika ploti zetu kioo kipo, jua ndilo tunalonunua kwa tokeni.

Kabati lenyewe ni la mitumba, la vyombo, kutoka Gikomba. Nilitoa rafu ya juu, nikapaka ndani rangi nyeupe isiyong'aa, ile ya dari. Watu hupenda kubandika karatasi ya fedha ya jikoni. Inafaa, lakini hukunjamana, huchanika, na hukusanya vumbi. Weupe unarudisha mwanga mwingi na unafutika kwa kitambaa. Rangi hiyo peke yake ilipandisha kipimo cha simu kuliko kuongeza balbu ya tano, kwa kuwa mwanga uliokuwa ukimezwa na ubao wa kahawia sasa unaingia kwenye majani ya chini. Milango ya mbele fundi aliitoa mbao akaweka kioo. Juu ya balbu kuna safu ya matundu. LED ni baridi usoni tu, kitako chake huunguza kidole, na balbu iliyofungiwa joto hufa mapema.

Tundu jingine liko ubavuni, na humo kuna feni. Ni feni ya kompyuta iliyokufa, ya volti 12, ninayoiendesha kwa adapta ya volti 9 ili izunguke taratibu. Wengi huacha kipengele hiki na ndipo hushangaa. Hewa iliyosimama ndani ya sanduku lenye unyevu hualika ukungu na utitiri, hilo linajulikana. Kisichojulikana sana ni kwamba mti usiotikiswa haujengi shina. Upepo ukilipinda shina kidogo kidogo, mti hujibu kwa kunenepa chini na kupunguza kurefuka. Mti uliofungwa kwenye kijiti au kuwekwa mahali patulivu hurefuka ukabaki mwembamba. Bonsai nzima ni suala la shina lililonenepa chini na kupungua kuelekea juu. Feni ya bei ya sahani ya chapati na maharagwe inafanya kazi ambayo mkasi hauwezi.

Sasa mti. Jamii ya mikuyu ina tabia ambayo kila mkazi wa Nairobi ameiona bila kuitafakari. Ndege au popo hula tunda, mbegu hutua popote, na popote ni pamoja na ufa wa ukuta, mfereji wa paa, maungio ya daraja. Porini mugumo mara nyingi huanza maisha juu ya mti mwingine, kwenye panda ya tawi, hauna udongo ila vumbi na majani yaliyooza, halafu huteremsha mizizi miaka mingi baadaye. Yaani utoto wake wote ni wa njaa, kiu na kivuli. Sijui mti mwingine wa hapa uliojiandaa zaidi kwa maisha ya chungu kifupi katika chumba cha kupanga. Wangu ulikuwa kwenye ufa wa ukuta wa paa, chini ya tangi la maji. Keateka hupanda huko kila baada ya mvua ndefu kung'oa miche hiyo kabla haijapasua zege, na siku moja nilimwomba asiutupe mmoja.

Jina mugumo hubeba aina zaidi ya moja. Wataalamu huandika Ficus thonningii na Ficus natalensis, na hata wao hubishana mpaka uko wapi. Kwa Waganda ndugu yake ni mutuba, ambao gome lake hupondwa kuwa kitambaa, ufundi uliowekwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008. Kwa Wagĩkũyũ ni mti wa ibada, haukatwi. Wangari Maathai alisimulia mara nyingi jinsi mama yake alivyomkanya asiokote kuni za mti huo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Na kuna mugumo wa Thika, ambao Mugo wa Kibiru alitabiri kwamba siku utakapoanguka utawala wa wazungu nao utakwisha. Inasimuliwa kwamba wakoloni waliuzungushia chuma na zege usianguke. Ukaanguka 1963.

Kwa hiyo nilijua nitaulizwa. Aliyeuliza ni mzee wa chumba cha mwisho, mwenyeji wa Murang'a, ambaye mlango wangu ukiwa wazi hupunguza mwendo.

"Kijana, huo si mugumo?"

"Ni mugumo, mzee."

"Na umeufungia kabatini."

"Nje hakuna jua, mzee wangu. Humo ndimo lilimo."

Akainama, akatazama muda mrefu. "Sisi huo mti tulikuwa tunaupita mbali. Wewe una mkasi."

Nikamwambia nakata vijitawi tu, shina siligusi. Hakuonekana kuridhika wala kukasirika. Kisha akauliza utakuwa mkubwa lini. Nikajibu hautakuwa mkubwa.

"Basi unalipia stima mti ambao haukui," akasema, akaenda zake akicheka.

Nimejaribu kumjibu tangu siku hiyo, na jibu ndilo hili: unakua kila siku, tena kwa kasi. Mti wa bonsai haujadumaa. Mbegu yake ni ile ile inayoweza kuinua mwavuli wa kufunika nyumba tatu. Unabaki mdogo kwa sababu kila chipukizi likifikisha majani sita au saba nalirudisha hadi mawili, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili natoa chunguni na kupunguza theluthi ya mizizi. Ukiacha kukata, miezi mitatu tu, unabisha hodi kwenye balbu. Kukata kwenyewe hutoa utomvu mweupe unaonata. Kitambaa chenye maji huusimamisha, na shati lililodondokewa limekwisha.

Kupogoa ndipo unapousoma mwanga wako kuliko kwenye simu yoyote. Tazama nafasi kati ya jani na jani. Kwenye mwanga hafifu tawi hunyooka likitafuta, jani moja hapa, jingine sentimita nne mbele, na jani lenyewe ni pana na laini. Kwenye mwanga mzuri majani hubanana, huwa madogo, magumu, na chipukizi jipya hutoka na wekundu kidogo. Nina tawi moja la nyuma ambalo kona ya kabati hulipunguzia mwanga, na tofauti yake na ndugu zake huonekana waziwazi. Ndiyo sababu nazungusha chungu robo mzunguko kila Jumapili.

Udongo ulinisumbua kwa bei kabla ya kunisumbua kwa sayansi. Vitabu vyote hutaja akadama, udongo wa chembechembe kutoka Japani, ambao ukifika hapa umeshapanda bei kuliko mti. Lakini tumekalia Bonde la Ufa. Mawe mepesi ya volkano, pumisi, yanachimbwa upande wa Naivasha na mashamba ya maua huyatumia kuoteshea waridi. Gunia moja nilipata kwa bei ya nauli. Nachekecha nipate chembe za milimita tatu hadi sita, vumbi natupa, naongeza kiasi kidogo cha nyuzi za makumbi ya nazi. Maji hupita humo mara moja na hewa hubaki, na mizizi ya mkuyu inataka hewa. Udongo mweusi wa shamba, ambao kila mtu atakushauri, katika chungu cha kina cha sentimita tano hugeuka tofali.

Maji nayo yana maneno yake. Ya visima virefu vya Embakasi yana chumvi. Yakikauka huacha ukoko mweupe ukingoni mwa chungu, na ncha za majani huungua. Mvua ikinyesha nakinga ndoo paani. Isiponyesha namwagilia yale yale ya mkokoteni, lakini namwagilia kwa wingi, mpaka yatiririke chini na kusomba chumvi ya nyuma. Yanayotiririka yanapigia deki. Mbolea ni ile ya maji ya agroveti, nusu ya kipimo kilichoandikwa, kila wiki mbili. Mti wa kabatini haunyeshewi, haulambwi na umande, hauangukiwi na jani la jirani. Kisichotoka mkononi mwangu hakifiki.

Waya wa kukunjia matawi nautengeneza mwenyewe, na ni sehemu ninayoipenda. Fundi wa stima akimaliza kazi huacha vipande vya kebo. Ndani yake, kati ya nyaya mbili zenye ngozi, kuna wa tatu wa shaba tupu, wa kupeleka ardhini. Nauchomoa, nauviringisha, nauweka juu ya jiko la makaa jioni baada ya chakula mpaka uive mwekundu. Ukipoa umekuwa laini hata mtoto anaukunja. Ukiuzungusha kwenye tawi kwa mshazari wa digrii arobaini na tano na kulikunja tawi, shaba hukazika papo hapo kwa kule kukunjwa, na tawi hubaki ulipoliacha. Chini ya taa za saa 16 hakuna msimu wa kupumzika, kwa hiyo tawi hunenepa haraka na waya huzama kwenye gome baada ya wiki chache. Unaukata kwa koleo vipande vipande. Ukiufungua kwa kuuzungusha utavunja vichipukizi.

Unyevu ndani ya kabati hukaa asilimia sabini hadi themanini, na hapo ndipo mugumo huanza kuonyesha ulikotoka. Chini ya tawi la kwanza zilitokea nukta nyeupe, ndogo kuliko kichwa cha pini, kisha nyuzi za kahawia zenye ncha inayong'aa kwa maji. Mizizi ya hewani. Ukiacha milango wazi mchana kutwa ncha hizo hukauka na kufa. Nilichukua mrija wa soda, nikaupasua ubavu, nikautia nyuzi za nazi zilizolowa, nikauvisha mzizi kutoka tawini hadi udongoni. Humo gizani mzizi huteremka haraka. Ukifika udongoni mambo hubadilika: huanza kunenepa, na hujivuta. Nilidhani ni macho, lakini ukiubonyeza kwa ukucha ule uliofika chini umekazika kabisa kati ya tawi na udongo, na ule usiofika unaning'inia tu. Wangu wa kwanza sasa una unene wa kalamu na umeanza kuonekana kama shina la pili.

Usiku ni lazima. Taima huwasha saa kumi na moja alfajiri na kuzima saa tatu usiku, na sijawahi kushawishika kuacha taa ziwake mfululizo kwa tamaa ya ukuaji. Kwenye rafu ya chini, ambako mwanga ni mdogo, nimeotesha kokwa za ukwaju zilizobaki kwenye mchuzi wa samaki, na hao ndio walionithibitishia. Majani ya mkwaju hujikunja usiku, kila vijani viwili vikifumbana. Sasa, hawa hawangoji taa izimwe. Mnamo saa mbili na nusu, balbu zikiwa bado zinawaka kwa nguvu zote, huanza kufumba. Wanajua saa. Stima ikipotea, kama inavyopotea, mti haudhuriki kwa siku moja au mbili za giza. Kinachoharibu ni feni kusimama milango ikiwa imefungwa, kwa hiyo kitu cha kwanza ni kufungua milango.

Wadudu wachache huingia, na wakiingia hawana wa kuwazuia. Nje kuna mvua ya kuwasomba na wadudu wengine wa kuwala. Ndani ya kabati vidung'ata, wale weupe wenye pamba, hujificha pale jani linapoungana na tawi na kuzaana bila hofu ya mtu. Sabuni ya kipande iliyoyeyushwa kwenye maji, kwa kinyunyizio cha saluni, mara moja kwa wiki mpaka waishe. Na mmea wowote mgeni hulala nje ya kabati kwanza, hata ukipewa na mama mzazi.

Kimo kimeshafika mwisho wake. Kilele kiko upana wa kiganja kutoka kwenye balbu, na majani ya juu yameanza kukunja kingo kwa joto, kwa hiyo mwezi ujao nitakata pale juu ya tawi la tatu na kuinua kijitawi cha pembeni kiwe kilele kipya. Kipande kitakachotoka kitashika mizizi kikichomekwa kwenye pumisi yenye unyevu. Jamii hii haina matata. Keateka, yule yule anayeing'oa kwenye kuta, ameshakiomba. Anataka kukipanda chini, karibu na geti, pale penye nusu saa ya jua. Nimemwambia aniahidi kitu kimoja, kwamba hatakipanda ndani ya mita ishirini za shimo la maji taka, maana mizizi ikilipata mwenye ploti atatuhamisha sote wawili, mimi na yeye, na mti utabaki.